Visanduku Viwili

Ndama walikuwa upande huu wa waya, majani yakawa upande ule. Yalifika magotini, yamekaukia pale pale bila kuguswa, ilhali kwingine kote huku Rudewa Septemba ilikuwa imebakiza vumbi. Mzee Telele alimshika ndama mmoja shingoni asijichane.

Soila aliinamisha kichwa, kama binti yeyote wa Kimaasai amwamkiapo mzee, akangoja mkono utue utosini. Mkono ulikuja, ingawa ulichelewa.

"Nisomee kibao kile," mzee alisema kwa Kimaasai.

Akamsomea. Eneo lisilotumika. Limetengwa kwa ajili ya mwekezaji.

"Lisilotumika. Nani kasema?"

Soila alijua nani kasema. Mwezi wa tano alifika hapa na timu ya upimaji akiwa mkalimani, kazi aliyoifanya miaka kumi na moja kwa mikataba ya wiki mbili mbili, maana nyumbani kwake Mabwerebwere hakuna mwingine wa kuleta unga. Siku ile boma hili lilikuwa kaya ya kumi na tisa. Mzee alitumia neno alalili: malisho yanayofungwa masika yote, asikanyage mtu wala mnyama, ili kiangazi ndama wapate kula. Soila, amechoka kutafsiri, akawaambia wapimaji kwa kifupi, "Kwa sasa hawalitumii." Kwa mwezi wa tano ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Kesho yake alimkuta Thadeo, mwandishi wa ripoti za timu, akinywa chai kwa mama lishe mmoja pale stendi ya Dumila.

"Nilikosea, Thadeo. Lile eneo linatumika kiangazi. Rekebisha."

"Dada Soila, hukukosea." Alimega chapati. "Fomu ina visanduku viwili. Linatumika, halitumiki. Ulitaka nitiki katikati?"

"Ungeniuliza."

"Na wewe ungefafanua." Akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Sikiliza. Mimi mwenyewe mkataba wangu unaisha Desemba. Nikirudisha fomu moja, wataniuliza na zile nyingine mia mbili. Tumezeekea kwenye kazi hii, tusiharibiane."

Miaka yote hiyo Soila alifupisha, Thadeo akafupisha zaidi, na wakubwa wakawasifu wote wawili kwamba wako chapchap. Alizipenda zile sifa.

"Alhamisi tunarudi kusikiliza pingamizi," Thadeo alisema. "Mwambie mzee aseme. Akisema, nitaandika. Asiposema, ndiyo basi, hakuna kikao kingine."

Alhamisi viti vya plastiki vilipangwa kando ya waya. Afisa aliyetoka mjini aliuliza kama mzee ana pingamizi. Safari hii Soila hakufupisha kitu. Alieleza kwa Kimaasai mpaka jasho likamtoka, kwamba leo ndiyo siku ya mwisho, kwamba neno lolote atakalosema litafikishwa kama lilivyo.

Telele alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mara ile nilisema," alijibu, "ukayachukua maneno yangu ukayapeleka unakojua wewe. Leo sisemi."

"Baba, nakuomba. Wanaandika sasa hivi."

"Sisemi."

"Anasemaje?" afisa aliuliza.

"Anasema hatasema. Kwa sababu mara ya kwanza sisi tuli..."

"Hana la kusema," Thadeo alinong'ona, kalamu ikitembea.

"Sikusema hivyo! Nimesema hatasema."

"Dada, visanduku ni viwili. Ana pingamizi, hana pingamizi." Hakumtazama. "Hiyo hatasema niiweke wapi?"

Afisa aliangalia saa. Kaya tisa zilikuwa bado.

Soila alimfuata mzee pale alipokaa, akainamisha kichwa mbele yake. Alinusa ugoro na maziwa kwenye shuka lake. Alingoja. Ndama walilia, viti vikaanza kukusanywa na kupakiwa garini, naye bado kainama, utosi u wazi juani.

Kitu kilimgusa begani. Ilikuwa kalamu.

"Imebaki saini ya mkalimani tu," Thadeo alisema. "Hapo chini."