Rafu ya Vitu Ambavyo Bado

Jengo lilikuwa na ngazi mbili, na madada wawili wa tumbo moja walikaa humo, kila mmoja na ngazi yake. Dada mtu alikaa ngazi ya kushoto. Mdogo mtu alikaa ngazi ya kulia, juu kabisa, katika nyumba ile ile waliyolelewa, na kila asubuhi akichemsha chai alisimama dirishani akingoja pazia la dada yake livutwe ng'ambo ya pili ya ua. Likishavutwa, ndipo naye hunywa. Tangu mama yao azikwe hakuwa amepata zaidi ya pazia.

Walikosana kwa sababu ya taka. Mama alipofariki, dada mtu alikuwa mbali kikazi, akafika maziko yamekwisha. Mdogo mtu, kwa uchungu na kwa kutotaka mwenzake akute chumba cha kuliza, alikuwa ameshakisafisha. Makopo yasiyo na vifuniko, kandambili zilizolika kisigino, chujio lililotoboka ambalo marehemu alikataa katakata kulitupa, vyote vilitiwa viroba vikashushwa kwenye bomba la taka, lile linalopita kila ghorofa mpaka shimoni. Dada mtu alipofungua mlango, chumba kilinukia sabuni. Akasimama pale pale kizingitini.

"Umemtupa mama," alisema, na hayo yakawa maneno yake ya mwisho kwa mdogo wake.

Sasa bomba lenyewe linazibwa. Lilikuwa limegeuka mtaa wa panya, na uvundo wake ulimpokea mgeni kabla ya mwenyeji. Wakazi wakaamua kijengwe chumba cha taka huko uani, kila taka na pipa lake, na kila ngazi itoe mtu wa kukaa na mchora ramani. Ngazi ya kushoto ikamtoa dada mtu, maana hapunjiki. Kwa ngazi ya kulia, mdogo mtu alinyoosha mkono hata kabla mwenyekiti hajamaliza kuuliza. Watu wakatazamana.

Mchora ramani alikuja alasiri, mtu mnene mwenye penseli sikioni, wote wakimwita Fundi.

"Hapa maganda na mabaki ya chakula," alisema, akionyesha kwa mguu. "Karibu na mlango, maana ndilo pipa zito na litatoka kila siku. Chupa kule. Makaratasi juu ya kichanja, yasilowe. Sakafu itainamia huku, mkiosha maji yaende mferejini yenyewe."

"Fundi," alisema dada mtu, "hebu muulize huyo mwenzako. Ngazi ya kulia wanaosha chupa, au wataleta na mende wake?"

Fundi akageuka. "Mama, unaulizwa..."

"Nimesikia. Mwambie tunaosha. Sote tulifundishwa na mtu mmoja."

"Anasema wanaosha, na kwamba..."

"Nina masikio, Fundi."

"Sasa mimi wa nini hapa? Nimeitwa kuchora, mnanifanya simu."

Mdogo mtu alicheka. Dada mtu hakucheka, ila pembe ya mdomo ilimcheza kidogo, na mwenzake akaiona. Aliona pia mvi zilizoongezeka juu ya sikio. Kwa mbali, harufu ya mafuta yale yale ya nywele. Angeweza kusimama hapo mpaka jua lizame, wagombane kwa mdomo wa Fundi, naye angeshukuru.

Lakini alikuwa na lake. "Fundi, nataka rafu. Hapa ukutani, mtu aifikie kabla ya mapipa."

"Ya nini?"

"Ya vitu ambavyo bado. Kitu kilichokaa na watu nyumbani kisitupwe siku hiyo hiyo. Kikae hapo kwanza. Kikikosa wa kukichukua, ndipo kiende."

"Mwambie taka ni taka," alisema dada mtu. "Rafu hiyo itajaa magodoro ya watu."

"Mwambie kitu chaweza kuwa na mwenyewe, na mwenyewe yuko njiani."

Fundi akacheka bila ubaya. "Ah, mama, wahenga walishamaliza. Asiyekuwepo na lake halipo."

Dada mtu alikuwa ameutazama ukuta kana kwamba umeandikwa. Fundi akawaangalia mmoja mmoja, akahisi amekanyaga pabaya asipopajua, akasema amesahau chaki kwenye gari. Akaenda zake.

Wakabaki bila mpeleka maneno. Mdogo mtu alikuwa na hotuba nzima, aliyoipanga akiosha vyombo, yenye mwanzo na katikati. Yote ilimkimbia.

"Ningekuwa na pa kuviweka," alisema, "ningekuwekea."

Dada mtu aliinama, akaokota tepu ya kupimia. Akaivuta.

"Shika."

Mdogo mtu akaishika ile ncha.

"Usilegeze."

Wakapima ukuta, toka pembe hadi pembe. Kisha dada mtu akainua mkono kuonyesha rafu ikae wapi. Mkono ulifika kifuani ukagoma, na uso ukakunjamana.

"Hapa," alisema.

"Chini hivyo?"

"Bega haliinuki tena. Tangu mvua za masika."

Mdogo mtu hakujua. Mvua zile zilikuja zikaenda, yeye dirishani na chai yake, na hakujua.

"Nani anakusugua?"

"Najisugua."

"Nije?"

Dada mtu aliikunja tepu taratibu, akaiweka juu ya tofali.

"Leo hapana," alisema.

Akatoka. Fundi aliporudi na chaki alimkuta mdogo mtu peke yake mlangoni.

"Vipi, mmekubaliana?"

"Rafu iwe usawa wa kifua. Isizidi hapo."

"Na yule mwenzako kasemaje?"

"Kasema leo hapana."

"Pole, mama. Basi kakataa."

"Kasema leo," alisema mdogo mtu.

Dada yake alikuwa akipanda ngazi ya kushoto, ameshika chuma cha kando kwa mkono mmoja. Kwenye kona alisimama akapumua, akaendelea bila kugeuka. Mdogo mtu aliusikiliza mwendo ule mpaka ukafikia mlango, mlango ukafunguliwa, ukafungwa.