Agari ya Bibi Nyuzijoto

Kwa mara ya tatu, seli zote zilikuwa zimekufa. Binti mmoja, mtafiti, alikisogeza kisahani mbali na darubini, akajifuta macho kwa mkono wa koti lake jeupe. Asipoziotesha seli hizo, hana pa kujaribia dawa yake.

Aliyemwona ni fundi wa maabara, mama aliyebakiza siku nne astaafu. Wenzake walimwita Bibi Nyuzijoto, maana hapiti chombo bila kukisoma joto.

"Mwanangu, umekula leo?"

"Bado, mama. Nimetumia agari ile uliyonipa, inayoyeyuka kwa joto dogo. Nikaiacha kwenye beseni la umeme la maji moto ipoe mpaka nyuzi thelathini na saba, ndipo nikatia seli. Sijui nakosea wapi."

Agari ya kawaida, ute wa mwani unaooteshewa seli, huganda upesi, kwa hiyo humiminwa ingali ya moto, na moto huo huziua seli. Hii nyingine hubaki majimaji hata kwenye joto la mwili, kisha ikipoa hushikana taratibu, na seli zikabaki humo zikiota.

Bibi alichovya kidole kwenye beseni la maji, akakunja uso. "Maji haya ungemwogeshea mtoto?"

Akaleta themometa yake ya kioo. Namba za beseni zilisema thelathini na saba. Themometa ilipanda hadi arobaini na sita.

Binti alicheka huku machozi yakimtoka. "Wiki sita najilaumu bure."

"Lawama lipelekee beseni. Wewe nenda kale kwanza, halafu tumimine."

Walimimina wawili, bega kwa bega, kwa beseni la chumba cha pili, Bibi akimkumbusha asitingishe visahani mpaka vigande. Ijumaa Bibi akaagwa kwa hotuba ndefu, akaenda zake nyumbani.

Wiki tatu baadaye binti alimpigia simu. "Mama, njoo uone."

Alifika kabla ya saa nne, amevaa viatu vya kuendea harusini. Chini ya darubini, seli zilikuwa zimejikusanya vidonge vidonge, zimening'inia ndani ya agari. Bibi alirekebisha darubini, akatazama tena.

"Zimeota kweli," alisema kwa sauti ya chini, akaanza kuhesabu. "Arobaini na moja, arobaini na mbili... mwanangu, usiniguse, nitapotea."

Alipotea hata hivyo. Binti akavuta kiti karibu naye, akashika kalamu, wakaanza upya.