Mwenyekiti Aliyekataa Kusikia

Jumamosi ile hakimu alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, simu mkononi, akingoja kituo cha redio kimpigie ajibu tuhuma. Juzi alikuwa ameamuru Meya asilivunje soko la zamani hadi kesi ya wachuuzi isikilizwe. Jana Meya akasimama mbele ya vipaza sauti, akasema hakimu huyo amenunuliwa, na kwamba wananchi wanajua anakokaa. Tangu hapo usingizi ulimpaa.

"Wakikupa nafasi, dada, mpashe," alisema mdogo wake, aliyejilaza chali kwenye zulia. "Mpashe mpaka umeya umwashe."

"Na ukimaliza utusalimie ndugu na jamaa," mama yao akadakia, akikatisha sala aliyoianza tangu alfajiri.

Hakimu hakucheka. Alishakata shauri: angesema yote hewani, kisha angeacha kazi.

Kabla simu haijalia, hodi ikabishwa. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha majaji na mahakimu, jaji wa mahakama ya rufaa, mzee mwembamba mwenye viatu vilivyong'arishwa. Hakimu alikuwa mwanachama wa jina tu. Kwake hicho kilikuwa chama cha semina, chai na picha ya pamoja. Lakini alipomwona mzee yule mlangoni, moyo ulimlainika, na mzee alipoketi tu, maneno yakamtoka kama maji ya bomba.

"Karibu, Mheshimiwa. Afadhali umekuja. Meya hana hati yoyote ya soko lile, na wachuuzi wale walionyesha..."

"Ishia hapo!" Mzee aliinuka hata kabla kiti hakijapata joto, akatoka, akasimama barazani.

Mama akabaki na sinia la chai mikononi. "Huyu amekuja kukusaidia au kukukimbia?"

Hakimu alimfuata nje, uso umemwiva kwa aibu. Kumbe hata wao wanamwogopa Meya, akawaza.

"Samahani, binti yangu," mzee alisema kwa upole. "Kesi hiyo inaweza kupanda hadi mezani kwangu. Nikiisikia hapa kwako, nitakuwa nimesikiliza upande mmoja, tena na kikombe mkononi."

"Sasa mtanitetea vipi kama hamjui nimeamua sawa?"

"Hatutetei uamuzi wako. Pengine umekosea. Ukiwa umekosea, rufaa itakurekebisha. Tunachotetea ni wewe kuamua bila kutishwa. Siku Meya mwenyewe akishtakiwa, atamhitaji hakimu asiyetetemeka."

Simu ikaanza kulia mkononi mwa hakimu.

"Ni redio," akasema.

"Ukiingia humo utakuwa umeingia ulingoni naye. Itabidi ujitoe kwenye kesi, na hicho ndicho anachokitafuta. Hakimu akishasema kwenye uamuzi wake, amemaliza. Yaliyobaki tuachie sisi. Chama kimeundwa ili wewe unyamaze bila kuwa peke yako."

Simu iliendelea kulia. Hakimu akamkumbuka mchuuzi mmoja wa viatu, mzee wa watu, aliyeitika jina lake mahakamani kwa sauti iliyokuwa ikitetemeka. Yeye akijitoa, nani angemsikiliza mchuuzi yule? Akaomba moyoni: Mungu wangu, nifunge mdomo. Kisha akaipokea.

"Samahanini. Sitazungumza. Katibu wa chama chetu atawapigia."

Mchana familia yote ililizunguka redio. Katibu alisoma tamko fupi: atakayeona uamuzi una kasoro aende mahakama ya rufaa, mlango uko wazi, vitisho vikome, polisi wamlinde hakimu. Soko halikutajwa hata kidogo.

"Basi?" mdogo wake akaruka. "Hata hawakusema wewe ni hodari!"

"Nyamaza wewe," mama akasema. "Wangemsifia, si Meya angesema na wao wamenunuliwa?"

Hakimu alicheka, kwa mara ya kwanza tangu jana. Hapohapo akaenda kupiga pasi joho lake.

Jumatatu askari wawili walikuwa langoni mwa mahakama. Ukumbi ulijaa, na hakuna aliyepiga kelele. Hakimu aliketi, akafungua jalada la kesi. Wakili wa Meya alisimama, akainama kidogo.

"Mheshimiwa, kwa heshima zote, hatukubaliani kabisa na uamuzi wako. Leo asubuhi tumekata rufaa."

"Ni haki yenu; kesi yenyewe itaendelea," hakimu alijibu, akaandika. Hakuwa amewahi kufurahia hivyo kupingwa. Akainua macho, akawaomba wachuuzi waite shahidi wao wa kwanza.