Kidole Gumba cha Maman Mwanvua

Jumatatu asubuhi Maman Mwanvua alijaza beseni maji, akakanda udongo, akafinyanga taa sita za mafuta katika chumba cha chini ya ardhi, kule Molenbeek, Ubelgiji. Ni taa ndogo za kuenea kiganjani, zenye mdomo wa kupitishia utambi. Chini ya kila moja alibonyeza kidole gumba, kama mama yake alivyobonyeza vyungu huko Kasongo, ili chombo kimjue mwenyewe.

Zilipotoka kwenye tanuri la umeme zilikuwa zimeshazeeka, kama zote alizowahi kufinyanga. Mdomoni zilikuwa na masizi, na ndani harufu ya mafuta ambayo yeye hakuyatia. Ndiyo maana Papa Florent, mwenye duka la vitu vya kale, alizipenda. Huziweka kwenye kabati la kioo na kikaratasi: miaka elfu mbili.

Maman Mwanvua hakugombana naye. Alitaka kwake barua moja tu, yenye sahihi, kwamba taa ni kazi ya mikono yake, ili apewe karatasi za kukaa kama fundi. Bila karatasi hizo angerudishwa Kongo.

"Nikiandika vile, nani atazinunua?" alisema Papa Florent. "Maman, unataka kufunga duka yangu?"

Basi akabeba taa mbili mwenyewe mpaka ofisi ya uhamiaji. Wakapima udongo, wakalinganisha na alama ya kidole chake. Baada ya wiki tatu aliitwa na karani, Anaïs, ambaye mama yake ni wa Bukavu.

"Bon, maman, kidole ni yako, hakuna mashaka. Lakini taa iko na miaka deux mille. Donc mwenye aliitengeneza alishakufa zamani."

"Alishakufa?"

"Njo vile. Na mufu hatumupatiake karatasi. Lakini hatumufukuzake pia, acha roho itulie." Akafunga faili. "Pole sana, maman."

"Asante, mwanangu," alijibu Maman Mwanvua, kwa kuwa pole hujibiwa.

Kwenye metro, treni ya chini ya ardhi, bwana mmoja mwenye mfuko wa vitunguu alimkalia mapajani kana kwamba kiti ni kitupu. Alikuwa mzito. Maman Mwanvua alivumilia hadi kituo chake.

Alhamisi alipeleka taa nne zilizobaki. Papa Florent akamwomba ainue moja karibu na dirisha, aipige picha kwa simu. Katika picha taa ilisimama hewani peke yake.

"Njo hivi napenda," alisema Papa Florent. "Siku zingine nilikuwa nafuta mukono wako moya moya."

Akaandika chini ya picha: fundi hajulikani. Kisha akamwomba ainue ya pili.