Mtutu wa Mzee Kahigi

Nestory, fundi wa bunduki, hakumpenda mtu mwenye haraka, na siku ile Novatus alikuwa na haraka ya kuchukiza. Alishuka kwenye bodaboda mbele ya karakana pale Kaisho, raifo ya baba yake kaiviringisha kwenye blanketi, akaamkia shikamoo huku anatazama saa.

"Mzee ametutoka, baba. Hospitalini, Bukoba. Mwili unafika Jumamosi, tunazika."

Nestory akaketi kwenye kigoda. Mzee Kahigi wa Kibingo alikuwa rafiki yake tangu jeshini, miaka arobaini. Kabla hajapata hata neno la pole, Novatus alishafungua blanketi. Alitaka mtutu mpya wa stenlesi, ung'ae kama kioo, maana yeye ndiye mrithi, na siku ya kukalishwa kwenye kiti cha baba angeishika bunduki mbele ya ukoo na wapiga picha.

"Wapiga picha," Nestory akarudia.

Bunduki ya marehemu hupita polisi kwanza, na fundi mwenye leseni analijua hilo kama anavyoijua Baba Yetu. Lakini Novatus aliapa kuileta barua ya polisi Jumamosi hiyohiyo, na huzuni humfanya mtu mzima mjinga. Nestory akatoa mitutu miwili aliyokuwa nayo, akaielekeza dirishani mmoja mmoja, akachungulia. Wa kwanza ulikuwa wa rangi ya majivu kwa nje, ila ndani mistari ya kuongoza risasi ilizunguka safi. Wa pili ulimeremeta nje, ndani mikwaruzo mitupu.

"Mtutu huchaguliwa kwa ndani," alisema. "Chukua huu wa majivu. Baba yako mwindaji asingeutaka unaometa, nguruwe mwitu angemwona akiwa bado mlangoni kwake."

Novatus hakuinama hata kuchungulia. "Nani atatazama ndani? Nipe unaong'aa. Na uzidi kuung'arisha."

Siku tatu Nestory alijifungia karakanani akisugua, kila msasa laini kuliko uliotangulia, kisha polishi na kitambaa. Alilia bila aibu, kamasi zikimdondoka, na kila sehemu iliyong'aa aliichukia. Msiba umegeuzwa harusi! Mtu hajafika hata kaburini, mwanawe anawaza atakavyotoka kwenye picha. Mara mbili alitaka kuutupa mtutu ule chooni. Hakuutupa, kwa kuwa kazi ilikuwa ya Kahigi.

Novatus alikuwa amemwambia asijisumbue kuja, bunduki angeifuata mwenyewe. Lakini ni rafiki gani asiyemzika mwenzake? Jumamosi asubuhi Nestory akaichukua bunduki, na kwapani akabana rubugo jipya, lile gome la mti linalopondwa likawa nguo, ambalo wazee wao Wanyambo walizikwa nalo. Kahigi aliwahi kumwomba: sanduku wakitaka wanunue, lakini ndani yake avikwe rubugo.

Kufika Kibingo, hakuona turubai wala waombolezaji. Palikuwa na migomba, na Kokuberwa, binti wa Kahigi, akianika kahawa uani. Kando yake, mkekani, Mzee Kahigi mwenyewe alikuwa anakunywa uji, amekonda kwa ugonjwa, lakini hai.

Mzee akamtazama rafiki yake usoni, kisha akatazama kwapani. Hakuna Mnyambo wa umri wake asiyejua kazi ya nguo ile.

"La nani hilo, Nestory?"

Nestory alitamani ardhi impasukie. "Lako," akasema. "Novatus aliniambia umekufa. Akaniletea bunduki niifanye mpya, ya mrithi."

"Mimi ameniambia iko polisi, inakaguliwa."

Kokuberwa akaacha kahawa, akasimama na mikono kichwani. Novatus akatoka ndani akifunga vifungo vya shati. Mwana yeyote mwenye chembe ya haya angeanguka miguuni pa baba yake. Yeye aliipokonya bunduki mikononi mwa fundi, akaugeuzageuza mtutu juani.

"Umeukwaruza hapa," akasema.

Kokuberwa akatema mate chini.

Kahigi akaweka kikombe. "Nestory, ulinilia?"

"Siku tatu, waitu, mwenzangu."

"Kwa machozi?"

"Machozi na kamasi."

"Basi nimeshaliliwa, yanatosha. Hilo rubugo Kokuberwa aniwekee, nitalihitaji muda si mrefu. Na siku hiyo muwe mashahidi wangu ninyi wawili: huyu asikanyage kaburini kwangu, wala asinitupie udongo."

Kokuberwa akapiga magoti, akalipokea rubugo kwa mikono miwili. Novatus hakuwa amesikia. Alikuwa anausugua ule mkwaruzo kwa pindo la shati.