Chini ya Jiwe la Lodi

Mugure alipoona mtaimbo begani mwa mwanawe, alijua kwamba siku aliyoikwepa miaka thelathini na mitatu imefika, tena imefika mchana kweupe, na mgeni juu.

Mgeni alikuwa mwanamke wa Kizungu wa makamo aitwaye Sue, mwenye kofia pana, amekumbatia kisanduku cha mbao kama mama aliyepakata mtoto kliniki. Maina alimweleza mama yake kwamba mle ndani mna majivu ya baba yake Sue. Mzee huyo alikuwa Lodi Hathersby wa sita, na aliacha neno kwamba azikwe pamoja na babu yake, Lodi wa nne, aliyelala nyuma ya boma la Mugure. Shamba lile watu wa Njoro huliita Kwa Lodi mpaka leo. Maina, fundi wa mitambo katika chuo cha hapo Njoro, alikuwa ameandikiana na Sue mwezi mzima, hata barua ya chifu alikuwa nayo. Mama yake hakuambiwa kitu. Kaburi la Mzungu linamhusu nini mwanamke mwenye ng'ombe wake wawili?

"Ni kuinua jiwe kidogo tu, Mum," Maina alisema. "Tunachimba futi moja, tunaweka hiyo box, tunafunika. Half an hour tumemaliza."

"Kwanza mkunywe chai," Mugure alisema.

Wakanywa chai. Mugure akaleta viazi, akarudi jikoni, akaleta chai nyingine ambayo hakuna aliyeiomba. Laiti angekuwa na mchele, angepika pilau, mradi jua lizame kabla ya ule mtaimbo kuguswa. Sue, maskini, aliona ukarimu. Akafurahi, akatandaza karatasi kubwa mezani, nasaba nzima ya kwao, naye Maina akawa anatafsiri.

Lodi wa kwanza alipewa cheo na mfalme kwa kuwalisha wanamaji biskuti, ngumu hata panya wa melini walizisusa. Wa pili alikula mali yote kwa kamari ya farasi. Wa tatu alioa binti wa mwenye machimbo ya makaa, mali ikarudi nyumbani. Wa nne alikuja Njoro, akafyeka msitu, akapanda ngano, na mwaka wa 1938 farasi akamwangusha, akafa. Wa tano aliuza shamba uhuru ulipokuja, na hapo ndipo mzee Maina, baba mkwe wake Mugure, alipochanga na wenzake wakanunua na kugawana vipande. Wa sita ndiye huyo wa kisandukuni.

"Na wa saba?" Mugure aliuliza.

Sue alitabasamu bila raha. Wa saba hayupo. Cheo ni cha wanaume, na baba yake alizaa mabinti watatu. Miaka mia mbili jina limetoka kwa baba kwenda kwa mwana, sasa limefika mwisho wake.

"Pole sana, madam," Mugure alisema, na alimwonea huruma ya kweli.

Kisha Sue akamgeukia Maina, akamuuliza kama yeye ana mtoto. Maina alijibu kwamba mke wake, Wangechi, amejifungua mvulana wiki tatu zilizopita, na Jumapili atabatizwa. Ataitwa Travis, na jina la pili litakuwa la babake Wangechi.

Mugure aliinamisha macho. Kwa Wagikuyu mvulana wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, haina mjadala. Maina mwenyewe aliitwa kwa jina la guka wake. Mtoto huyu alipaswa kuwa Waithaka, jina la mume wa Mugure. Lakini tangu mimba Maina alikuwa ameshasema lake: "Siwezi kuita mtoto wangu jina ya mtu alitoroka."

Maana hiyo ndiyo habari iliyojulikana na kila mtu. Mwaka wa vita vya kikabila vya 1992, nyumba zilipokuwa zinachomwa, Waithaka alichapa mguu, akamwacha mke na mtoto wa miaka mitatu. Alikimbia hata gambuti moja, buti lake la mpira, ikamvuka langoni mwa boma la ng'ombe. Majirani waliicheka gambuti hiyo miaka nenda miaka rudi. Mugure aliipigilia msumari kwenye nguzo ya boma, akawa anaweka ndani yake mafuta ya kukamia, na Maina utotoni alikuwa akipita lazima aipige teke.

Saa nane chai iliwashinda. Walikwenda kaburini, Mugure akiwafuata nyuma. Maina aliingiza mtaimbo chini ya jiwe, akalisukuma, likasogea na kulala ubavu. Udongo wa chini ulikuwa mweusi, laini. Akachukua jembe.

"Maina, ngoja."

"Nini tena, Mum?"

"Usichimbe na jembe. Baba yako ako hapo."

Maina alicheka kidogo, kisha akaona uso wa mama yake.

Mugure alisimulia akiwa amesimama, haraka haraka, kama mtu anayeogopa kwamba akipumzika hataanza tena. Asubuhi ile Waithaka alikuwa ameshafika barabarani pamoja nao. Akakumbuka ng'ombe wamefungiwa, moto unakuja, akarudi kuwafungulia. Mshale ulimkuta langoni. Mugure na mzee Maina walimbeba. Ardhi ilikuwa kavu kama saruji, ila kaburi la Lodi lilikuwa limetitia kwa kuchimbwa na fuko. Walimlaza humo juu ya Mzungu, wakavuta jiwe, wakakimbia. Kule kanisani walikokimbilia, mke wa mzee, Cucu yake Maina, mgonjwa wa moyo, aliuliza mtoto wake yuko wapi. Mzee akasema ametoroka, atakuja.

"Guka yako alisema tutamwambia kukitulia. Kukatulia. Cucu yako akawa anamwekea chakula kila jioni, nani angemwambia? Halafu guka yako akalala, hakuamka. Nikabaki nayo peke yangu. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitasema."

"Na Cucu akikufa? Ungeniambia hiyo siku."

"Niliogopa wewe."

Maina alitupa jembe. Alipiga magoti, akafukua kwa mikono, taratibu, na haikumchukua muda. Kwanza ilitokea gambuti nyeusi ya mguu wa kulia, mpira wake mzima kabisa, na ndani yake haikuwa tupu. Aliipangusa udongo kwa shati lake. Akainuka, akaenda hadi bomani, akarudi na ile ya kushoto, akaiweka kando ya mwenzake. Zilikuwa jozi moja.

Sue alikuwa amevua kofia. Aliuliza kwa sauti ndogo kama huyo ndiye Lodi wa nne.

"Hapana," Maina alimjibu kwa Kiingereza. "Huyu ni wangu."

Sue alikiweka kisanduku chake nyasini, akasogea kando, akawapa mgongo. Maina alikaa chini karibu na zile gambuti. Mugure alitamani amguse bega, mkono ukakataa.

"Nilikuwa napiga hii kitu teke," Maina alisema. "Na wewe unaniangalia."

"Ndiyo."

"Watu wakinicheka shule, unaniambia nyamaza."

"Ndiyo, Maina."

Maina alizisogeza zile gambuti zikagusana. Aliposema tena hakumtazama. "Jumapili mtoto ataitwa Waithaka. Nitaongea na Wangechi."

Mugure aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Furaha ilimpanda ghafla, kali mpaka ikamuuma kifua. Neno hilo alikuwa ameliomba kwa Mungu usiku na mchana tangu mimba ya Wangechi ionekane.

"Lakini wewe usikuje kanisani," Maina alisema.

Ng'ombe walianza kulia bomani, saa yao ya kukamwa imepita. Mugure alisubiri kama mwanawe ataongeza neno, na alipoona hataongeza, akachukua ndoo akaenda. Alichuchumaa chini ya yule mwekundu, akamwosha, kisha akapeleka mkono kwenye nguzo bila kutazama, kama alivyofanya kila siku, kuchukua mafuta, na vidole vyake vikakuta msumari.