Kufuli la Fundi Cheche

Makufuli mekundu yalipoletwa kiwandani, kila fundi alipewa lake na ufunguo mmoja tu. Kanuni mpya za usalama wa umeme zilitaka hivyo: ukienda kutengeneza mashine unazima swichi kuu, unaifunga kwa kufuli lako mwenyewe, ufunguo unautia mfukoni, na hakuna mwingine wa kulifungua. Zamani walimsimamisha mtu kando ya swichi na kumwambia asiwashe. Mtu naye ni mtu. Anaitwa pembeni, anasahau, anakwenda kunywa chai. Fundi aliyemtangulia Cheche aliwashiwa umeme hivyohivyo, na mkono wake wa kulia haukupona tena.

Cheche alikuwa fundi umeme pekee wa kiwanda kile cha mikate, lakini jina hilo wenzake walimpa kwa hasira zake. Siku ya makufuli alifurahi mpaka akajishangaa mwenyewe. Mdogo wake, tumbo moja, alikuwa fundi mitambo humohumo. Cheche ndiye aliyemwombea kazi, na mama yao alipokubali alimwambia binti yake neno moja tu: "Nakukabidhi." Tangu hapo, kila mdogo wake alipoingia ndani ya mashine ya kukandia unga, roho ilimwenda mbio.

Furaha yenyewe haikufika mbali. Msimamizi wa zamu, ambaye wote walimwita Fasta kwa sababu hakuwa na neno jingine mdomoni akiharakisha watu, aliwangoja wakaguzi wapige picha zao na kuondoka, kisha akaanza kukusanya. Kufuli moja likaenda stoo ya sukari, jingine kabati la vifaa. La mdogo wake Cheche likafungia baiskeli ya Fasta mwenyewe pale getini. Mafundi waliobaki waliachiwa makufuli, ila funguo zikatundikwa kwenye misumari ofisini kwake, eti zisipotee. Sasa hilo ni kufuli au ni pambo?

"Ufunguo wako uko wapi?" Fasta alimuuliza Cheche.

"Ninao."

"Kanuni hapa nazisimamia mimi, dada."

"Simamia. Lakini mwili ni wangu, na ufunguo sitoi."

Fasta alicheka, akasema wanawake wana maneno. Cheche aliondoka akisaga meno.

Asubuhi moja mashine ya kukandia iligoma, unga ukiwa umeshapimwa. Cheche alizima swichi kuu, akafunga kufuli lake, akajaribu kuwasha ili ahakikishe haiwaki. Mdogo wake alikuwa amesimama na spana yake, bila kufuli, anamtazama.

"Ingia tu," Cheche alimwambia. "La kwangu linatutosha."

Mdogo wake akapanda, akazama ndani ya lile beseni la chuma kukaza mapanga ya kukandia. Akishainama humo hata kichwa hakionekani, na feni za tanuri zilivyovuma, hasikii wala hasikiki. Cheche akakimbilia stoo kuchukua mkanda mpya wa mota, kwani ule wa zamani ulikuwa umelegea.

Alirudi na mkanda begani akamkuta Fasta kwenye swichi, ameshika msumeno wa chuma. Alikuwa ameona kufuli, hakuona mtu, na ufunguo haukuwa kwenye misumari yake. Basi akakata. Kufuli jekundu lilidondoka sakafuni mbele ya macho ya Cheche, na mkono wa Fasta ukaenda kwenye swichi.

Cheche aliutupa mkanda. Alimrukia. Alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, wakaanguka pamoja juu ya magunia ya unga.

"Una wazimu wewe?"

"Ndugu yangu yumo ndani!"

Kichwa kikachomoza kwenye beseni, cheupe kwa unga mpaka kope. "Dada, kuna nini?" Kisha mdogo wake akaliona kufuli lililokatwa. Spana ilimponyoka ikalia chini ya mapanga, naye akaruka nje.

Fasta alijikung'uta suruali. "Si mzima huyo? Basi yaishe. Ningejuaje kama kuna mtu? Haya, rudi uokote spana tuwashe. Fasta."

Yaishe! Damu ilimpanda Cheche kichwani. Alimchukia Fasta, akajichukia na yeye mwenyewe kwa lile neno lake la kijinga, linatutosha. Angelikuwa amechelewa stoo kidogo tu, angemwambia nini mama?

"Siingii," mdogo wake alisema. Wapakiaji nao, walioacha kazi na kuja kutazama, hakuna aliyesogea.

"Waoga wakubwa! Nitaiokota mwenyewe." Fasta alivua koti, akapanda, akaingiza mguu mmoja. Hapo akaitazama swichi. Ilikuwa tupu, na kando yake amesimama Cheche, macho mekundu.

"Nani anashika swichi?" Fasta aliuliza.

"Mimi hapa. Ingia. Si ndivyo unavyotaka tuingie sisi?"

Mguu ukabaki pale ndani kidogo, kisha ukatoka. "Hakuna kufuli hapa?"

"Umelikata. Lipo jingine kwenye baiskeli yako."

Alikwenda getini mwenyewe. Ufunguo wa baiskeli haukuwahi kuning'inia kwenye msumari wowote. Aliutoa mfukoni mwake. Akarudi na kufuli, akaifunga swichi kwa mkono wake, akalivuta, akajaribu kuwasha, akalivuta tena. Ufunguo akautia mfuko wa shati, akafunga na kifungo. Hakuna aliyemfundisha, wala hakufanya haraka. Ndipo akaingia.

Alipotoka na spana na kufungua swichi, alimkuta mdogo wake Cheche mbele yake, ameufungua mkono.

"Kufuli langu hilo, bosi. Na ufunguo."

Fasta aliangalia huku na huku akitafuta mtu wa kumtetea. Hakupata. Akampa.

"Bado funguo za ofisini," Cheche alisema. Aliokota vipande vya kufuli lake akamwekea Fasta kiganjani. "Na langu jipya. Fasta."